Dakika za Kamba na Vijiko vya Mama

Kama wiki hii umeambiwa una kisukari, keti kwanza. Najua umetoka kliniki na maneno mengi kichwani, na njiani tayari kuna mtu amekusimulia habari za mizizi iliyomponya jirani yake. Mimi si daktari. Sitakueleza kongosho ni kitu gani, maana mimi mwenyewe nilielezwa nikaitikia kwa kichwa bila kuelewa lolote. Nitakueleza yaliyonipata Mbale katika miaka ya tisini, kwa sababu sasa naweza kuyasema, au karibu naweza. Lakini habari ya mguu wangu inaanzia Jinja, kwenye kamba ya kaka yangu.

Tulizaliwa katika kambi ya polisi. Baba alikuwa Mteso, Mama Msamia wa upande wa Busia. Walikutana katika Kiswahili cha kambini na nyumba yetu ikabaki humo humo. Nje ya lango watu walikiita lugha ya jeshi na kututazama kwa jicho la pembeni. Kwetu kilikuwa lugha ya kuombea chumvi. Kaka yangu Emong alinitangulia kwa miaka miwili. Alifuata nyayo za Baba akawa polisi, kisha akawa bondia wa timu, na tangu nikiwa msichana kazi yangu ilikuwa kumshikia saa anaporuka kamba.

Bondia huishi kwa mizani. Emong alipigana katika kundi la kilo sitini, na akizidi hata nusu kilo siku ya kupimwa, safari imekufa. Kwa hiyo mwalimu wake alimfundisha kukisia ni kalori ngapi zimechomwa na kamba, naye akanifundisha mimi, akizungumza kwa pumzi za kukatakata huku jasho likimtiririka mpaka kwenye viatu. Chukua uzito wako kwa kilo, zidisha kwa kumi: hizo ni kalori za saa nzima ya kuruka kwa mwendo wa kawaida. Gawa kwa sita upate za dakika kumi. Ukiruka kwa kasi ya shindano, zidisha kwa kumi na mbili. Ukiruka kivivu, kwa nane. Ila dakika ulizosimama kupumua hazimo. Hapo ndipo watu wengi hujidanganya: mtu anakaa uwanjani saa nzima na kujihesabia saa nzima, kumbe nusu yake alikuwa anafunga viatu na kupiga soga. "Kamba ikilala, na hesabu inalala," aliniambia. Ndiyo maana alitaka saa iwe mkononi mwangu, isiwe mkononi mwake.

Kisha alizigeuza hizo kalori kuwa chakula, maana namba tupu hazimzuii mtu mwenye njaa. Chupa moja ya soda ilikuwa kama dakika kumi za kamba. Chapati moja ya mafuta ilikuwa dakika ishirini na zaidi. Tukipita kwa muuza chapati alikuwa akiguna, "Ile pale ni dakika ishirini na tano," kisha anainunua hivyo hivyo na kunikatia nusu.

Masika moja Emong akaanza kukonda. Kambini walimsifu, wakisema afande anakata uzito, safari hii atawatoa watu meno. Mama, ambaye wakati huo alikuwa mjane na amehamia chumba cha kupanga huko Walukuba, alijisifu kwa majirani zake. Jioni moja Emong aliniita uwanjani nikamkuta ameketi chini, kamba imekunjwa mapajani, kidole chake kinaandika vumbini. Alikuwa amepoteza kilo sita kwa muda wa mwezi mmoja hivi. Alikuwa amechukua uzito wake, kasi yake, dakika zake za kweli bila mapumziko, akajumlisha zote.

"Kilo mbili ni za kamba, dada. Nimezihesabu vizuri," alisema. "Hizi nyingine nne ni za nani?"

Nilimwambia hesabu yenyewe si ni ya kukisia tu.

"Ni ya kukisia. Lakini kukisia hakukosei kwa kilo nne."

Siku hizi watu husema UKIMWI bila kushusha sauti. Wakati ule kwetu uliitwa silimu, kwa jinsi ulivyokondesha watu, na neno lenyewe lilisemwa kwa kuangalia mlango. Emong aliujua ugonjwa wake kabla ya hospitali yoyote kumwambia, kwa kidole chake mwenyewe vumbini. Kwa Mama aliuficha mpaka haukufichika tena. Mama akamhamishia kwake Walukuba akamlisha. Mayai, karanga za kusaga, uji wa wimbi wenye sukari ya kutosha kuamsha maiti, ndivyo alivyosema mwenyewe. Kila kilo aliyorudisha, Mama aliitangaza uani. Kila kilo aliyopoteza, Mama alinyamaza na kwenda sokoni tena.

Emong alikufa msimu wa kumbikumbi. Mama alimwosha. Mara moja tu katika maisha yake aliniambia kwamba alimnyanyua peke yake kutoka kitandani, hakuhitaji mtu wa kumshika miguu, mwanamume aliyekuwa bondia. Hakulirudia jambo hilo, nami sikumuuliza tena. Kamba ya Emong, ya ngozi na vishikio vya mti, ikaja kwangu.

Miaka michache baadaye nilikuwa Mbale, mke wa Mafabi, Mgisu mpole aliyekuwa mtunza ghala kwenye kiwanda cha kahawa. Tulipanga nyumba mtaa wa Nkoma, tuna mabinti wawili, na mimi nilikuwa mpiga chapa katika shule moja Nabuyonga. Nilikuwa nimenenepa na sikuona aibu. Enzi zile unene ulikuwa cheti cha afya. Mwanamke akipita na nyonga zake watu walimshukuru Mungu kwa niaba yake.

Kisha ikaja kiu. Nilikunywa maji kama mtu aliyekula samaki wa chumvi, nikawa naaga ofisini kila mara kwenda msalani, hata mwalimu mkuu akaanza kunitazama. Herufi kwenye mashine zikaanza kuogelea. Nilimeza dawa za malaria, halafu za minyoo, halafu nikaombewa. Mwishowe nikaenda hospitali.

Utaijua benchi ya kliniki ya kisukari, kama bado hujaijua. Unafika asubuhi na njaa, maana umeambiwa usile, na kila mmoja pale ana njaa na kikapu cha chakula miguuni anachokilinda kama mtoto. Siku zile walipima mkojo. Sista Apio, mwanamke wa Lango mwenye sauti ya sajini, aliutia matone ndani ya kichupa chenye dawa ya buluu akakichemsha juu ya moto mdogo, nasi sote tukinyoosha shingo kutazama rangi. Buluu ikibaki buluu, uko salama. Kijani, unajitahidi. Manjano, jihadhari. Ikiwa nyekundu ya udongo wa kuchomwa, Sista alikiinua kichupa juu benchi nzima ione na kusema, "Huyu leo ameleta tofali." Yangu siku ya kwanza ilikuwa tofali.

Kulikuwa na dereva wa lori Mkenya, Bwana Wekesa, aliyeegesha gari lake Mbale kila alipopita ili apate dawa yake. Alikuwa na mzaha mwingi na vidole tisa vya miguu. Kila alipotaka kuvaa viatu alitia mkono ndani kwanza akapapasa mpaka kwenye ncha, kama mtu anayetafuta ufunguo. Nilimcheka. Alinijibu kwa upole kwamba mguu wa mgonjwa wa sukari ni askari aliyelala lindoni, mwizi akiingia hapigi kelele. Nilidhani ni mzaha wake mwingine.

Daktari alinipa vidonge, akaniambia nipunguze uzito na niuchoshe mwili kila siku. Nilirudi nyumbani nikaitoa kamba ya Emong sandukuni. Nilikuwa na kilo themanini na nne. Mara kumi, gawa kwa sita: kalori mia moja na arobaini kwa dakika kumi. Nikaanza na dakika mbili mbili, moyo ukinigonga kama ngoma, majirani wakichungulia juu ya ukuta kumwona mama mzima anaruka kamba nyuma ya nyumba. Kidogo kidogo nikafika nusu saa, bila kuhesabu mapumziko. Kalori mia nne na kitu kwa siku, karibu chapati mbili. Nilipunguza posho, yaani ugali wa mahindi, na mafuta, nikaacha sukari kabisa.

Ilifanya kazi. Kufikia mavuno ya kahawa kichupa changu kilikuwa kijani, kiu imeondoka, herufi zimetulia. Kilo sita zilikuwa zimekwenda na nilijua kila moja ilikokwenda. Nilifurahi mno, nikashona upya sketi zangu.

Wengine walichoona ni mwanamke anayekonda.

Wifi yangu Nambozo, dada yake Mafabi, alikuja akanisalimu kwa kunishika mkono juu ya kiwiko, akaupima. Kiwandani walianza kumuuliza Mafabi kama mkewe hajambo, kwa ile sauti. Mwaka ule ulikuwa wa tohara ya Wagisu, na ndugu wa mume walishuka kutoka milimani makundi kwa makundi, nyumba ikajaa njuga na pombe ya mtama. Nilipopita kugawa chakula niliona macho yakishuka kutoka usoni mwangu mpaka mikononi. Baadhi yao walisema wameshiba. Mimi na Mafabi tulikwenda tukapimwa silimu, na majibu yakawa mazuri kwa wote wawili, lakini karatasi ya hospitali huwezi kuivaa kifuani ukaenda nayo sokoni. Ngoma zilipoisha Mafabi akahamishia godoro lake sebuleni. Alisema ni joto. Mbale, chini ya mlima, wakati wa mvua.

Usidhani nilimchukia. Niliumia, nikalia nikiwa peke yangu jikoni, lakini nilijua anaogopa. Kitu kinachouma zaidi katika ugonjwa huu si sindano. Ni kuona watu wako wanakuogopa huku wanakupenda.

Habari zilifika Jinja, na Mama akaja. Alishuka na gunia la wimbi na kuku wawili, akasimama mlangoni bila kusalimu. Akanishika mkono pale pale aliponishika Nambozo. Akaupima, akaupima tena.

"Emong alianza namna hii," alisema.

Nilimketisha. Nilimweleza kisukari, nikamwonyesha vidonge, nikamwambia yale majibu yetu. Nilimwambia, Mama, kila kilo iliyotoka naijua, nimeihesabu kwa hesabu ya Emong mwenyewe, hakuna hata moja iliyoondoka bila kuniaga. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Hata yeye alikuwa na hesabu," akasema, akaingia jikoni.

Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka. Mama akabaki nasi Nkoma kuniuguza, na nilishukuru, kwa sababu nilikuwa nimechoka kuogopwa. Alipika, alifua, aliwasuka wajukuu wake. Kila asubuhi na kila jioni aliniletea kikombe kikubwa cha uji wa wimbi uliotiwa ukwaju, kama wanavyoupika kwa upande wa Baba. Ulikuwa mchachu na mzuri. Siku za mwanzo nilisema mbona una utamu. Akanijibu kwamba wimbi jipya lina utamu wake, wewe umezoea unga wa dukani. Nilikuwa nimekaa muda mrefu bila sukari hata kitunguu kilikuwa kitamu mdomoni mwangu, basi nikaamini. Na nani huonja chakula cha mama yake kwa kumshuku?

Mwili ukarudi. Mashavu yakajaa, sketi zikabana. Watu wa Nkoma wakaanza kunisalimu kwa sauti ya kawaida. Nambozo alikuja akala nami sahani moja. Mafabi akarudisha godoro chumbani, na hata akawa anaketi barazani na saa yake ya mkononi kunihesabia dakika, na jioni zile zilikuwa tamu kwetu. Kila kitu kilipona isipokuwa kichupa. Kijani kilirudi manjano, manjano ikarudi tofali.

Sista Apio aliniuliza mbele ya benchi nzima ninakula nini nikijificha. Niliapa. Hakuniamini, na kwa nini aniamini? Daktari akaniongezea vidonge, kisha akanianzishia sindano. Nyumbani nilikaa nikakokotoa kama Emong. Chakula ninachokula hiki, kamba hii, basi nilipaswa kupungua, au angalau kubaki pale pale. Badala yake nilikuwa naongezeka. Kulikuwa na kalori mia kadhaa kila siku zisizo na mwenyewe. Emong alizidiwa na kilo zilizotoka bila sababu, na mimi nilizidiwa na zilizoingia bila sababu.

Nikaona kosa liko kwenye kamba. Labda ninaruka kivivu, nikajipa nane badala ya kumi. Labda saa ya Mafabi inakimbia. Kwa hiyo nikaongeza. Nusu saa asubuhi kabla ya kazi, nusu saa jioni, juu ya murramu, ule udongo mwekundu mgumu wenye kokoto, nyuma ya nyumba, na raba za turubai zilizokwisha soli. Wakati huo nyayo zangu zilikuwa zimeanza kufa ganzi. Nilihisi kama nimevaa soksi hata nikiwa peku. Nilimwambia Mafabi ni afadhali, hazinisumbui.

Asubuhi moja nilimaliza kamba nikavua kiatu, na soksi ilikuwa imelowa damu. Ndani ya kiatu kulikuwa na kokoto, ndogo kuliko punje ya hindi. Nilikuwa nimeirukia nusu saa nzima na sikuisikia. Nilikumbuka mkono wa Bwana Wekesa ndani ya kiatu chake, nikatia wangu ndani ya kile cha pili.

Kidonda kile hakikutaka kupona. Nilikiosha kwa maji ya chumvi, Mama alikikanda, Mafabi alininunulia dawa ya unga. Mvua zilianza, zikakolea, na kidonda kilikuwa kinapanuka. Kikaanza kunuka. Nilikaa ofisini nikiwa nimefungua dirisha, nikijifanya nahisi joto. Mwisho kidole kidogo kikawa cheusi na kilicho jirani yake kikafuata, na daktari akasema ikiwa tutasubiri ataondoa mguu mzima.

Wakavikata vidole viwili. Sitakusimulia. Nitakuambia tu kwamba nilipozinduka nilimsikia Mafabi nje ya dirisha la wodi akilia, na mtu akimwambia bwana, nyamaza, mke wako atasikia.

Nililala wodini wiki nyingi. Wiki ya kwanza Mama alibaki Nkoma na watoto, na chakula aliniletea Nambozo: posho, maharage, mboga za majani. Nambozo ni mkono wa birika, hata chai yake ya nyumbani husikii sukari mpaka ufike chini ya kikombe. Sindano zilikuwa zile zile nilizoanzishwa miezi miwili nyuma. Kamba hakuna, nimelala chali mguu juu ya mto. Kwa hesabu zote nilizozijua ilibidi niwe tofali tupu. Lakini kichupa kikawa manjano, kisha kijani, na asubuhi moja Sista Apio, aliyekuja wodini kuniona, akakiinua kwenye mwanga. Kilikuwa buluu.

Nililala nikitazama dari. Niliondoa kamba kwenye hesabu, nikaiacha dawa kama ilivyo, nikabakiwa na kitu kimoja tu kilichobadilika, na kitu hicho kilikuwa mkono uliokoroga uji. Nilijua pale pale. Sikukasirika. Ningependa kukuambia nilikasirika, ingekuwa rahisi zaidi. Nilimwona Mama peke yake jikoni kwangu, anasikiliza kama nimeingia, kijiko mkononi, anarudisha mwili wa Emong kidogo kidogo.

Niliamua kutosema. Lakini kesho yake Mama alikuja mwenyewe na chupa yake ya uji, kwa sababu Nambozo alikuwa ameamkia harusini. Aliingia wakati Sista Apio akiwasemesha ndugu wanaouguza wagonjwa wa wodi nzima, na aliwasemesha kwa Kiswahili kwa sababu pale kulikuwa na Wagisu, Wateso, Wasebei na Wakenya. Aliwaambia sukari ikipanda kidonda hakifungi, ndiyo inayokilisha kioze. Alininyooshea kidole mimi. Alisema huyu hapa tangu aingie sukari imeshuka, na mmeona, nyama imeanza kuwa nyekundu.

Mama aliuliza, kwa adabu, kama sukari ya uji nayo imo.

"Sukari ya uji si sukari, mama?" Sista akamjibu, akaendelea na kitanda kingine.

Mama aliikaza chupa yake kifuniko. Kisha akatoka. Kupitia dirishani nilimwona akiumwaga uji wote kwenye majani nyuma ya wodi, akaenda bombani akaisuuza chupa, akaisuuza tena, akaisuuza tena, mpaka mwanamke aliyekuwa nyuma yake na ndoo akamgusa bega. Aliporudi aliketi ukingoni mwa kitanda, upande wa mguu uliofungwa, lakini hakuuangalia.

"Nilitaka watu waone uko na mwili," alisema. "Nilitaka bwana yako arudi ndani."

"Alirudi, Mama."

"Wewe ulikuwa unaruka ile kamba, mimi nakuona pale dirishani. Unaruka, halafu unaingia unakunywa." Alikuwa anaipeta kanga yake juu ya goti kama anayepima unga. "Wewe unajua ile hesabu ya Emong. Nihesabie. Vijiko vyangu vilikuwa dakika ngapi za kamba?"

Nilijua jibu kabla hajamaliza kuuliza. Nilikuwa nimelikokotoa jana yake nikitazama dari. Vijiko vikubwa vitano vya kulia chakula kila kikombe, kama nilivyomwona akimtilia Emong kule Walukuba, vimejaa mpaka juu, maana Mama hakuwahi kupima kitu kwa kijiko sawa. Kalori sitini kila kijiko, mia tatu kwa kikombe kimoja. Uzito wangu mara kumi, gawa kwa sita. Dakika ishirini na tatu za kamba zimo ndani ya kikombe cha asubuhi, na nyingine kama hizo kikombe cha jioni. Karibu kamba yote niliyoruka ilikuwa imekwenda kwenye vikombe viwili, na ile nusu saa niliyoongeza ndiyo iliyonikutanisha na kokoto.

"Dakika mbili, Mama," nilimwambia. "Labda tatu."

"Tu?"

"Tu. Kijiko ni kitu kidogo."

Sasa ndipo akauangalia mguu. Aliweka kiganja chake juu ya bandeji, kwa wepesi, mahali vidole vilipokuwa. Aliuliza kama Emong naye angehesabu hivyo. Nilimwambia Emong ndiye aliyenifundisha. Akaitikia kwa kichwa, akaniuliza kama nina njaa.

Niliishi. Natembea kwa kuchechemea kidogo, siruki kamba tena, naendesha baiskeli ya Mafabi isiyotembea, ile aliyoifunga juu ya vyuma uani, na naihesabu kwa hesabu yake nyingine. Tia mkono ndani ya kiatu kabla ya kuvaa. Tazama nyayo zako kila jioni, na kama huzioni, mpe mtu akutazamie. Na kama kuna mtu nyumbani kwako anayekupenda mpaka anaogopa kukonda kwako, mchukue siku moja mwende naye kliniki, mketi naye kwenye benchi ile, akione kichupa kikigeuka kwa macho yake. Mimi sikumpeleka wangu.

Mama aliishi miaka mingine kadhaa baada ya hapo, kati ya Jinja na kwetu. Uji aliupika bila hata chembe, akauonja yeye kwanza mbele yangu kila mara, mpaka nikawa naona uchungu kumtazama. Wakati mwingine, akiosha vyombo, alikuwa akisema peke yake, dakika tatu, kisha anaendelea na sufuria. Tulimzika msimu wa masika. Ndiyo maana naweza kuandika haya sasa, hayupo tena wa kusomewa.

Wewe chukua ile ishirini na tatu. Ndiyo ya kweli, na itakusaidia. Ya Mama ilikuwa tatu, na amekwenda nayo.